Magofu ya Shanga si mali ya wageni, hata Gikomba ina fungu lake

Kuna dhana moja iliyokita mizizi katika nchi hii, nayo ni kwamba magofu ya kale yaliyotapakaa pwani kwetu, tangu visiwa vya Lamu upande wa kaskazini hadi Vumba Kuu karibu na mpaka wa Tanzania, ni masalio ya wageni. Walikuja na majahazi yao, wakajenga, wakachuma, wakaondoka. Nasi wenyeji, kwa mujibu wa dhana hiyo, tulikuwa watazamaji tu, au wabeba mizigo. Nimeisikia ikitolewa na watu wenye shahada, na nimeisikia pia katika soko la Gikomba, ambako sisi tunaoishi mitaa ya Mashariki mwa Nairobi tumezoea kujipatia nguo, samaki, mbao na masanduku ya bati.

Majuzi nilikuwa nikimsimulia mwuza mitumba mmoja wa hapo Gikomba juu ya mji wa Shanga, ulioko kisiwani Pate. Alinisikiliza kwa staha huku akipanga mashati yake, kisha akasema: "Lakini mzee, hayo si mambo ya Waarabu? Sisi yanatuhusu nini?"

Swali hilo halikuwa la utovu wa adabu. Ni swali la mtu aliyefunzwa hivyo na wakubwa zake, na wakubwa zake nao walifunzwa hivyo hivyo. Ninakusudia kulijibu hapa, maana naona kwamba jibu lake ndilo litakaloamua iwapo kuta zile zitasimama au zitaanguka. Kitu ambacho mtu anaamini si chake hakililii kinapobomoka.

Mimi mwenyewe nilizijua habari za kisiwa cha Delos kabla sijasikia jina la Shanga. Shule niliyosomea ilikuwa na kitabu chenye picha za magofu ya Ugiriki, na tuliyakariri majina yale kama sala. Delos ni kisiwa kidogo katika bahari ya Aegea, ukubwa wake haufiki kilomita nne za mraba. Wagiriki wa kale walisema kwamba mungu wao Apollo alizaliwa pale, basi pakawa mahali patakatifu. Walakini kilichokipa kisiwa hicho utajiri ni soko. Zaidi ya karne moja na nusu kabla ya Kristo, Warumi walikifanya bandari isiyotoza ushuru, wakamiminika wachuuzi kutoka Italia, Misri na Shamu. Mwaka 88 kabla ya Kristo kilivamiwa na majeshi ya Mithridates, mfalme wa Ponto, na mwaka 69 maharamia wakamalizia kazi hiyo. Leo hakina mji. Wafaransa walianza kuchimba pale mnamo miaka ya 1870, na mwaka 1990 kisiwa kizima kikatiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Watalii huvuka kwa mashua kutoka Mykonos, hutembea baina ya nguzo, na jioni hawana budi kurudi, kwani mgeni haruhusiwi kulala Delos.

Sina kinyongo na Wagiriki. Ninachosema ni kwamba Mgiriki muuza samaki, ambaye hajawahi kusoma kitabu cha historia baada ya kutoka shuleni, hatakuuliza Delos inamhusu nini. Na hali Delos ilijaa Waitalia, Wayahudi, Wamisri na watu wa Shamu waliojenga huko mahekalu yao wenyewe. Wingi wa wageni sokoni haukuufanya mji ule usiwe wa Kigiriki.

Sasa turudi kwetu. Shanga iko upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, mwendo wa takriban saa moja kwa miguu kutoka Siyu. Watu walianza kukaa pale katikati ya karne ya 8, wakaendelea kwa zaidi ya miaka 600, hadi mapema karne ya 15, ndipo mji ukahamwa. Kwa nini ulihamwa ni suala linalobishaniwa hadi leo. Lakini kule kuhamwa, na kutojengwa tena juu yake, kumekuwa bahati kwa wanaochunguza mambo ya kale. Mjini Lamu huwezi kuchimbua chini ya sebule ya mtu. Shanga hapana mwenye sebule. Zimebaki kuta za matumbawe za nyumba takriban 200, misikiti, ukuta wa mji, na makaburi mengi sana nje yake, vyote vikiwa katikati ya miti na magugu, karibu na bahari.

Baina ya mwaka 1980 na 1988 palichimbwa na kikundi kilichoongozwa na Mwingereza Mark Horton, na matokeo yakachapishwa katika kitabu kinene mwaka 1996. Kabla ya hapo wataalamu waliotangulia, akiwemo James Kirkman aliyechimba Gedi kuanzia mwaka 1948, na Neville Chittick aliyechimba mji wa kale wa Manda, walielekea kuamini kuwa miji hii ilianzishwa na wahamiaji kutoka Ghuba ya Uajemi na Uarabuni. Hawakuwa watu wajinga. Waliona mawe, wakaona misikiti, wakaona vyombo vya Uchina na Uajemi. Wakakata shauri kwamba mji wa mawe wenye vyombo vya ng'ambo lazima uwe wa watu wa ng'ambo.

Msomaji, hebu ipime hoja hiyo kwa Gikomba. Tuseme miaka 1,000 ijayo mtu aje achimbue kando ya Mto Nairobi. Atakuta vifungo vya suruali zilizoshonwa Bangladeshi, zipu za Uchina, vibandiko vya makabati ya Ulaya na Marekani. Kama atatumia mantiki ile, atatangaza kwa ulimwengu kuwa Gikomba ulikuwa mji wa Wachina na Waamerika waliohamia Afrika. Atakuwa amesahau mwanamke aliyefungua robota alfajiri, akachambua nguo moja moja, akaitenga ile bora ambayo wachuuzi huiita kamera na ile hafifu wanayoiita fagia, akazipigia pasi na kuzitundika. Bidhaa ni ya mgeni, soko ni la mwenyeji.

Kilichoivunja dhana ya zamani si hati wala sarafu ya dhahabu. Ni takataka. Katika kila tabaka la udongo wa Shanga, tangu la juu hadi la chini kabisa, vigae vilivyo vingi ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa, vyenye mapambo ya pembetatu yaliyochorwa kwa ncha kabla ya udongo kukauka. Vyombo vya ng'ambo ni sehemu ndogo tu. Na vyungu vya namna ile ile vimepatikana kandokando ya Mto Tana, na katika sehemu za bara, na pwani yote hadi kusini kabisa. Wafinyanzi wale hawakutoka Shiraz. Fauka ya hayo palipatikana mavi ya chuma, yaani masimbi yabakiayo baada ya chuma kuyeyushwa, pamoja na mabaki ya kazi ya kuchonga shanga za kome. Aliyepita Gikomba na Kamukunji mchana, akasikia nyundo zikipiga bati na chuma kutoka kila upande hata mazungumzo yakashindikana, hatapata taabu kuikisia sauti ya Shanga.

La pili ni habari ya msikiti, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa ndiyo sehemu iliyonivutia kupita zote. Msikiti wa Ijumaa wa Shanga ni wa mawe, wa karne ya 11 hivi. Walipochimba chini ya sakafu yake walikuta msikiti mwingine uliotangulia, wa mawe pia. Chini ya huo wakakuta mwingine, na chini yake mwingine tena, hadi walipofikia majengo ya miti na udongo, ambayo la awali kabisa ni la mwishoni mwa karne ya 8. Lilikuwa dogo mno; waumini wachache tu wangelijaza. Huo ni mmojawapo wa misikiti mikongwe zaidi inayojulikana katika Afrika kusini ya Sahara.

Yawezekana msomaji akauliza jengo la miti linawezaje kutambuliwa baada ya miaka 1,200, ilhali hata mlango wa mwembe huliwa na mchwa baada ya miaka michache. Nguzo inapochimbiwa ardhini kisha ikaoza, huacha tundu, na tundu lile hujaa udongo wenye rangi tofauti na ule ulio kando yake. Mchimbaji mwenye subira huukwangua udongo kidogo kidogo mpaka aone duara la weusi, kisha duara la pili, la tatu, na hatimaye mstari wa maduara ambao ni ukuta. Hivyo ndivyo nyumba za mwanzo za Shanga zilivyojulikana. Zilikuwa za miti na udongo kwa karne kadhaa kabla ya mtu yeyote kujenga kwa mawe. Mji haukushushwa kutoka jahazini ukiwa tayari. Ulikua palepale, hatua kwa hatua, kutoka kibanda hadi nyumba ya ghorofa.

Nayo hiyo nyumba ya mawe ni elimu ya mahali. Matumbawe laini hukatwa baharini yakiwa mabichi, yakachongwa upesi kabla hayajakauka na kuwa magumu; yale mengine magumu huchimbwa nchi kavu. Chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya chungu kubwa ya kuni. Dari hubebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ina urefu wake, chumba cha Mswahili wa kale hakikuweza kuzidi upana wa mita tatu hivi hata tajiri awe na fedha za namna gani. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na ukutani mwa kile cha ndani zikachongwa zidaka za kupangia vyombo vya Uchina. Yaani kipimo cha nyumba kilitolewa na mti wa Lamu, si na fundi wa Uajemi. Hadi leo ukiingia nyumba ya kale mjini Lamu utakikuta kipimo hicho hicho.

Haki inanilazimu kuutaja upande wa pili pia. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa baina ya takriban mwaka 1250 na 1800, wengi wao katika miji ya kale ya Uswahilini, ikiwemo Manda, Faza, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo ni Profesa Chapurukha Kusimba, mtaalamu wa Kikenya. Ilionekana kuwa wengi kati ya watu wale wa pwani walikuwa na asili mbili: upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa kiasi kikubwa, na upande wa baba ulitoka kwa kiasi kikubwa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000.

Magazeti mengine ya ng'ambo yalishangilia kana kwamba Kirkman amefufuka. Walisoma nusu. Mwaka 1000 Shanga ilikuwa imekwisha kuwepo kwa zaidi ya miaka 200, ikiwa na vyungu vyake, chuma chake na msikiti wake wa miti. Waajemi waliokuja waliukuta mji. Walioa humo, na watoto wao wakalelewa na mama zao kwa lugha ya mama zao, ndiyo lugha hii ninayoandikia makala haya na ambayo mwuza mitumba wangu ananadia mashati. Lakini na sisi wengine, tunaopenda kusema kuwa hapana damu ya mgeni hata tone, tusome nusu ile nyingine. Wazee wa pwani waliosimulia habari za Washirazi, ambao wasomi wa miaka ya karibuni waliwacheka, hawakuwa wakisema uongo mtupu.

Wako pia wanaotaka Shanga iwe ya Wachina. Hadithi husema kuwa mabaharia wa merikebu za Zheng He, aliyeongoza misafara mikubwa ya Uchina baina ya mwaka 1405 na 1433, walivunjikiwa na chombo karibu na Pate, wakaogelea hadi pwani na kuoa huko. Na wapo wanaosema jina Shanga limetokana na Shanghai. Mwaka 2005 msichana mmoja wa Siyu alipewa nafasi ya masomo Uchina kwa msingi wa hadithi hiyo, nami namtakia kila la heri. Kwamba Wachina walifika ni kweli: mwaka 1415 twiga alipelekwa kutoka Malindi kwa mfalme wao, na mwaka 2013 ilipatikana kisiwani Manda sarafu ya utawala wa Yongle, wa mapema karne ya 15. Ila sarafu moja si ukoo. Na mji uliokuwa na jumuiya yake tangu karne ya 8 hauwezi kuwa ulisubiri mabaharia wa karne ya 15, wakati ulipokuwa tayari unakufa. Serikali mbili zikipendana, hadithi ya namna hii hupata fedha za utafiti upesi kuliko ukuta unaobomoka. Hilo nalo lina haja ya kutazamwa.

Wala sipendi kudhaniwa kuwa naipaka Shanga mafuta ing'ae. Biashara ya Bahari ya Hindi iliuza pembe za ndovu, ambari, boriti na ngozi, na iliuza pia binadamu. Nyumba zile za zidaka hazikujengwa na mikono huru peke yake. Delos nayo ilikuwa soko la watumwa, na mwanajiografia Strabo aliandika kuwa lingeweza kupokea na kusafirisha maelfu kumi kwa siku moja, na Wagiriki hawajaacha kuitunza kwa ajili hiyo. Gofu hutunzwa lilivyo, pamoja na aibu yake.

Washairi wetu waliliona hilo zamani. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi wakati wa kuanguka kwa Pate, alitunga Al-Inkishafi mbele ya majumba yaliyokuwa yakigeuka magofu machoni pake, akauonya moyo wake usiitumainie dunia. Ni mojawapo ya tungo kuu za Kiswahili, na somo lake ni lile ambalo Mkenya wa leo hulipita bila kulitazama. Katika mji wa Pate wenyewe wakulima hupanda tumbaku baina ya kuta alizozililia. Siwalaumu, mtu hulima penye udongo mzuri. Siyu, jirani yao, iliyokuwa na mafundi wa ngozi, wachonga milango na wanakili wa Misahafu, na ambayo ilimtoa jasho Seyyid Said wa Zanzibar alipotaka kuitawala, imebaki na ngome yake na watu wachache mno kuliko jina lake.

Kisiwani Manda kuna Takwa, mji mdogo wa karne ya 16 na 17, uliofichwa nyuma ya mikoko kiasi kwamba mashua haifiki ila maji yakijaa. Kibla cha msikiti wake kimesimamishiwa nguzo ndefu, na nje ya ukuta wa mji kuna kaburi lenye nguzo lililoandikwa tarehe inayolingana na mwaka 1681 au 1682. Yasemekana maji ya visima yaliingia chumvi, na ugomvi na Pate haukuisha, basi watu wakavuka mlango wa bahari na kuhamia Shela. Watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi kwenye kaburi hilo kuomba mvua. Taja gofu jingine lolote nchini ambalo bado lina wenyewe wanaolizuru kwa haja ya maisha yao.

Sheria ya kulinda haya ipo, ile ya mwaka 2006 ya makavazi na urithi wa taifa, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1983. Mji wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Gedi ikafuata mwaka 2024. Shanga, Manda na Takwa hazimo. Sheria ya karatasini haizuii mzizi wa mti kupasua ukuta, wala wimbi kuula ufuo. Haimzuii mwenye haja ya mawe, akiona mawe yaliyochongwa tayari na hakuna mtu karibu. Baada ya mashambulio ya Mpeketoni ya Juni 2014 wageni na watafiti walipungua katika eneo lote la Lamu, na penye upungufu wa wageni, hata fedha za kukata nyasi hupungua. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa katika ghuba ya Manda. Bandari italeta magari, makambi na wanunuzi wa ardhi. Sikatai bandari. Miji hii yote ilikuwa bandari, na kichekesho kikubwa kitakuwa bandari mpya kuimeza ya zamani bila mtu kujua kwamba ilikuwepo.

Nimesema Gikomba ina fungu lake katika habari hii, na nisingependa hilo lichukuliwe kuwa ni maneno ya kupamba tu. Jirani na soko lile kuna Majengo ya Pumwani, mtaa uliopimwa mapema miaka ya 1920 ili Waafrika wa Nairobi wakusanywe pamoja. Wengi waliojenga pale walikuwa Waislamu waliotoka katika vijiji vya awali vya jiji hili, kimojawapo kikiitwa Mji wa Mombasa. Walijenga kwa miti na udongo nyumba zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma, kama zijengwavyo pwani. Kijiji cha Pangani kilipobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walihamishiwa Shauri Moyo. Kwa hiyo Uswahili hauko umbali wa kilomita 500 kutoka Gikomba; uko ng'ambo ya barabara, na nyumba zake nazo zinaangushwa moja baada ya moja kupisha maghorofa.

Soko lenyewe huungua mara kwa mara. Moto wa Juni 2018 uliua watu 15. Baada ya mafuriko ya mwaka 2024, vibanda na nyumba zilizokuwa kando ya mito ya jiji hili zilibomolewa kwa wingi. Kila mara watu wa Gikomba hurudi, wakachimbia nguzo mpya karibu na shimo la ile ya zamani na kupiga mabati juu yake. Chini ya miguu yao kuna matabaka ya majivu na matundu ya nguzo, mstari baada ya mstari, kama yale ya Shanga. Tofauti ni kwamba Shanga amekwisha kupatikana mtu wa kuyasoma.

Serikali haihitaji mabilioni kwa hili. Kwanza wawepo walinzi wa kudumu, wa mshahara, kutoka Siyu na vijiji vya karibu na Shanga, maana mtu wa pale ndiye ajuaye ni nani aliyepita na punda akiwa na mawe. Pili, taarifa ile ya mwaka 1996 imeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, kwa bei ambayo mwalimu wa shule ya msingi hawezi kuikaribia. Kitabu kidogo cha Kiswahili, chenye michoro ya misikiti ile iliyopandana na picha za vigae, kingegharimu chini ya semina moja ya hotelini. Kikasomwe Lamu, na kikasomwe pia Pumwani, Kaloleni na Makadara. Tatu, shule za Nairobi zinazowapeleka watoto Mombasa kila mwaka kuitazama Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno, ziwafikishe watoto hao hata Gedi, ambako barabara ni nzuri na msitu una kivuli.

Atakayetaka kwenda Shanga yenyewe, ajue safari si nyepesi. Basi humfikisha Mokowe, kisha mashua hadi mjini Lamu. Kutoka hapo kuna mashua za kwenda kisiwani Pate, nazo huondoka kwa saa ya maji, si kwa saa ya mkononi, kwa kuwa mkondo ulio baina ya Manda na bara hupwa usipitike. Achukue maji ya kunywa. Akifika Siyu aulizie mtu wa kumwongoza, amlipe bila kuvutana, atembee ile saa moja kwa miguu, na akifika aangalie chini anapokanyaga, kwani vigae vyenye mapambo ya pembetatu vimezagaa mchangani. Asiokote.